Mlango wa sale uwe wazi kwa mchimbaji pia

Ukipita mbele ya shule kubwa za Bunia, mara kwa mara utakuta afishi ukutani: konferansi, jina la profesere, siku, saa. Wanafunzi wanasoma, wanaweka saa katika telefone, wanaenda. Mchimbaji aliyeshuka kutoka Mongbwalu kununua bomba ya motopompe anapita palepale, mzigo wake nyuma ya pikipiki, na macho yake hayasimami. Anawaza kwamba ile karatasi iliandikwa kwa ajili ya watu wengine.

Leo tunataka kuzungumza juu ya ile karatasi, na ninyi wasomaji wetu wa Kilo, Nizi, Bambu, Mongbwalu na Mambasa, pamoja na bibi zenu na watoto wenu wanaosoma hapa mjini. Konferansi ya wazi, mchezo wa kuigiza, maonyesho ya picha: hivi vitu viko na historia ndefu, na katika historia hiyo wachimba migodi wako ndani, mbele kabisa. Kama sisi wa Ituri tunakaa inje, tunaacha mali yetu kwa wengine.

Tuanze na wale waliofanya desturi hii ikomae. Shirika la Wajezwiti, la Ignatius wa Loyola, lilikubaliwa na Papa mwaka 1540. Miaka minane nyuma yake, mwaka 1548, walifungua koleji yao huko Messina, Italia, na kutoka pale shule zao zikaenea Ulaya na ngambo ya bahari. Mwaka 1599 walitoa kitabu cha kanuni za masomo, ambacho shule zao zote zilikifuata. Mwanafunzi hakutosheka kukaa na daftari. Alipaswa kusimama mbele ya watu, kutetea wazo lake, kujibu maswali, na tena kucheza tiatre. Wazazi walikuja kutazama, na watu wa mji walikuja pia. Molière, yule mwandishi wa michezo ambaye watoto wetu wanamsoma katika masomo ya Kifaransa, alipita katika koleji ya Wajezwiti ya Paris.

Juu ya nini walitia nguvu namna hiyo? Waliona kwamba mtu anayejua jambo lakini hawezi kulisema mbele ya wengine, elimu yake ni nusu. Sauti, kumbukumbu, mwili unaosimama bila kutetemeka mbele ya mkubwa: hivyo vyote vinafundishwa. Na shule inayofungua mlango siku moja ili mji uingie, inajifunza nayo kitu kutoka kwa mji.

Hapa Kongo, Wajezwiti walifika mwaka 1893, upande wa Kwango. Kazi zao zinazojulikana sana ziko mbali na Ituri. Kinshasa kuko Koleji Boboto, na pembeni yake nyumba ya utamaduni yenye jina hilohilo, ambamo watu wa mji wanaingia kuona tiatre, kusikia muziki na kufuata konferansi. Boboto, kwa Kilingala, ni amani. Tena Kinshasa kuko CEPAS, nyumba ya masomo juu ya maisha ya jamii, inayotoa gazeti la Congo-Afrique na kuita watu kujadiliana juu ya mambo ya inchi: uchumi, uchaguzi, madini. Tangu mwaka 2016 wako na Iniversite Loyola ya Kongo, huko Kimwenza.

Karibu na sisi, katika Mashariki, kuko Koleji Alfajiri ya Bukavu. Jina lake ni la lugha yetu, na kila mtu anajua alfajiri ni saa gani: mchimbaji ni saa yake ya kushuka. Bukavu ndiyo pia mji wa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjezwiti, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996 vita ilipoingia mjini. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na mahubiri na barua, na alisema wazi juu ya wakimbizi na juu ya vita wakati wengi walinyamaza. Kifo chake kinatufundisha kwamba neno linalosemwa mbele ya watu si mchezo. Wenye silaha wanaliogopa.

Basi turudi Bunia. Sisi hatukosi nyumba za namna hiyo. Kuko Iniversite Shalom, ya makanisa ya Kiprotestanti, iliyoanza kama shule ya teolojia mwaka 1961 na kuwa iniversite mwaka 2007. Kuko Iniversite ya Bunia, iliyotoka katika tawi la Iniversite ya Kisangani. Kuko ISP, inayofundisha walimu, na ndani ya familia yake Radio Candip, radio iliyozaliwa kwa kazi ya elimu. Wazee wanakumbuka masomo ya radio juu ya kilimo na afya, yaliyofika mpaka vijiji ambavyo hata njia ya gari havina. Ni kusema, wazo la kutoa elimu inje ya ukuta wa shule halikutoka Roma peke yake; hapa Ituri tulikuwa nalo tayari, na lilipita hewani kwa lugha ambayo mama sokoni anaielewa.

Sasa mchimbaji atauliza: konferansi itaniletea nini? Gramu haiongezeki kwa kusikiliza profesere. Ni swali la haki, na tunalijibu kwa mifano miwili inayogusa mfuko na mwili.

Mfano wa kwanza ni sheria. Sheria ya madini ya Kongo ni ya mwaka 2002, na ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Inasema kwamba mchimbaji wa mikono awe Mkongomani mtu mzima, awe na karti ya mchimbaji, awe ndani ya koperative iliyokubaliwa na Leta, na achimbe katika eneo lililotengwa kwa ajili ya kazi hiyo. Karti inadumu mwaka mmoja, kisha inafanywa upya. Wangapi kati yetu wanajua hayo yote? Wengi wanalipa hapa, wanalipa pale, kwa barriere hii na ile, bila kujua pesa gani ni ya sheria na gani ni ya mfuko wa mtu. Asiyejua sheria anamlipa kila anayevaa kofia.

Sheria hiyohiyo inagusa pia kijiji ambacho kompani kubwa inachimba. Katika ile malipo kompani inatoa juu ya madini, nusu inaenda kwa serikali ya kati, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa sheferi, sekta au mji wa mahali pale, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Tena kompani inapaswa kuweka pembeni angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji. Kama mama wa Mongbwalu anajua namba hizo, siku ya mkutano hatauliza kwa unyonge kama wataletewa maji. Atauliza: ile asilimia 15 ya mwaka jana iliingia wapi, na nani alitia sahihi? Hilo ni swali lingine kabisa, na otorite anasikia tofauti.

Mfano wa pili ni zebaki, ile tunaita merkire. Mchimbaji anaijua kwa mikono: inakamata dhahabu, inafanya kidonge, kidonge kinachomwa, dhahabu inabaki. Lakini merkire iliyochomwa imeenda wapi? Haikupotea. Imekuwa moshi usioonekana, na moshi huo unaingia mapafuni, unapita katika damu, unafika ubongoni. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unakimbia, mtu anasahau, anakasirika bure. Jirani wanasema amelogwa au amezoea pombe. Na ile iliyomwagika mtoni inageuka kuwa sumu nyingine inayokaa ndani ya samaki, na samaki anarudi katika sahani. Mwanamke mwenye mimba anaweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana kuchoma merkire ndani ya nyumba ya kupikia ni kuchoma familia polepole.

Kuko njia ya kupunguza hatari: chombo cha chuma kinachofunikwa, kinachorudisha moshi kuwa merkire tena. Mtu anaokoa mapafu yake na anaokoa pesa, maana merkire ileile anaitumia mara ya pili. Mfundi wa chuma anaweza kuonyesha chombo hicho, daktari aeleze dalili, mchimbaji mzee aseme aliyoyaona. Kama hao watatu wanakaa pamoja mbele ya watu kwa saa mbili, hiyo ni konferansi. Haiombi mtu awe na diploma.

Hatusemi jambo ambalo halijawahi kuonekana duniani. Huko Wales, Uingereza, wachimba makaa walikuwa wanakatwa pesa kidogo katika mshahara wao na kwa pesa hizo wakajenga nyumba zao wenyewe: sale ya mikutano, chumba cha vitabu, jukwaa la muziki na tiatre. Katika mji wa Tredegar alikuwako kijana anaitwa Aneurin Bevan, aliyeshuka mgodini akiwa na miaka 13. Alikuwa na kigugumizi. Alisoma vitabu vya wachimbaji, akajifunza kusema mbele ya wachimbaji, akaingia bungeni. Tena katika mji huo wafanyakazi walikuwa na sanduku lao la matibabu: kila mmoja anatoa kidogo, akigonjwa anatunzwa. Bevan alipokuwa waziri, mwaka 1948 alianzisha huduma ya afya kwa inchi nzima ya Uingereza, na wazo la sanduku la kijijini kwao lilikuwa ndani yake. Wazo la wachimbaji lilipita katika sale ya mkutano, likafika bungeni.

Kaskazini ya inchi hiyohiyo, katika mji wa Ashington, mwaka 1934 kikundi cha wachimba makaa waliomba mwalimu awafundishe sanaa. Akaja Robert Lyon. Aliwaonyesha picha za wakubwa wa zamani, akaona haziwaingii. Akawaambia: chorni ninyi wenyewe. Wakachora walichokijua: shimo, taa, farasi wa mgodini, chakula cha mapumziko, kuku nyuma ya nyumba. Leo picha zao zinatunzwa katika nyumba ya makumbusho pale kwao, na watu wanatoka mbali kuziangalia.

Hatuna haja ya kwenda mbali sana. Lubumbashi, mji wa shaba, ndio uliozaa kundi la Mufwankolo, lililocheza tiatre kwa Kiswahili cha wafanyakazi, mpaka radio na televisheni zikalifuata. Walicheza mambo ya nyumbani: bwana na bibi, mshahara, pombe, shefu anayependa kula peke yake. Watu walicheka, na nyuma ya kicheko walijiona. Lubumbashi hiyohiyo ndiko Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1970, alichora historia ya inchi yetu kwenye turubai, picha zaidi ya 100, na kueleza kila moja kwa Kiswahili. Hakuwa profesere. Aliuza picha nyumba kwa nyumba. Leo maprofesere wanaandika vitabu juu yake.

Na Ituri? Dhahabu yetu ilionekana mwaka 1903, katika mto Agola karibu na Kilo. Mwaka 1926 ikazaliwa kompani ya Kilo-Moto. Mwaka 1982 wananchi wakaruhusiwa kuchimba kwa mikono. Zaidi ya miaka 100 ya kazi, ya wazee waliolazimishwa, ya vijana waliofunikwa na udongo, ya wanawake wanaotwanga mawe na kuosha mchanga. Picha zake ziko wapi? Tiatre yake iko wapi? Nyimbo za shimoni tunazo, za kupeana nguvu wakati wa kuvuta mzigo. Mzee akifa zinaenda naye. Tukikaa bila kuandika na bila kucheza, atakuja mgeni aandike, na ataandika vile yeye alivyoona kutoka dirisha la gari.

Kuko jambo lingine zito zaidi. Tangu vita ya mwaka 1999 mpaka 2003, na tena katika miaka hii, dhahabu na damu vimetembea pamoja katika Ituri. Mashimo yamegawanya watu, na watu wamegawanya mashimo. Tangu Mei 2021 tuliingia katika hali ya etat de siège. Kila jamii iko na hadithi yake ya maumivu, na inajieleza yenyewe kwa yenyewe, usiku, kwa sauti ya chini. Hadithi ya namna hiyo inakua sawa ukungu. Sale ya wazi ni moja ya mahali pachache ambapo mtoto wa jamii hii na mtoto wa jamii ile wanaweza kukaa kwenye benchi moja, wakisikiliza jambo lisilowahusu kama maadui: namna ya kuzuia shimo lisianguke, bei ya gramu inafanywaje, mwalimu wa zamani alifundisha nini. Mtu aliyekuuliza swali zuri kuhusu motopompe, kesho ni vigumu zaidi kumwita nyoka. Hatusemi konferansi inamaliza vita. Tunasema vita inapenda watu wasioonana.

Basi ni nini kinachozuia? Tunaona mambo manne.

La kwanza ni lugha. Kifaransa ni lugha ya shule na hatuikatai. Gazeti hili lenyewe limeandikwa kwa Kifaransa, na ukurasa huu wa Kiswahili ni chumba kimoja ndani ya nyumba kubwa. Lakini profesere anayejua jambo lake vizuri anaweza kulisema kwa Kiswahili cha Bunia. Akishindwa, amkalishe pembeni mwanafunzi mmoja atafsiri. Maneno magumu ya shimoni, mchimbaji atamsaidia yeye.

La pili ni saa na njia. Konferansi ya saa kumi na moja ya jioni ni ya mtu anayekaa mjini. Anayerudi Iga-Barrière au Nizi hawezi kungoja giza, na hapa kwetu giza si jambo la kuchezea. Waweke asubuhi, siku ambayo mashimo mengi yanapumzika. Na kama watu hawawezi kufika Bunia, konferansi ipande gari, ifike kwa watu: kanisa, shule ya msingi, hata paa la manila la soko linatosha, pale usalama unaporuhusu.

La tatu ni haya. Mchimbaji anatazama viatu vyake vyenye matope, anatazama mashati meupe, anageuka. Hapa tunasema na wenye shule: mtu wa mlangoni ndiye anayeamua kama konferansi ni ya wazi au hapana. Neno «karibu, papa, keti hapa» linafungua kuliko afishi kumi. Na tunasema na wachimbaji pia: matope ya kazi hayamchafui mtu.

La nne ni wanawake. Wanaosaga, wanaoosha, wanaouza chakula pembeni ya mashimo, wanaokaa na vumbi na moshi siku nzima, mara nyingi hawaitwi, maana inadhaniwa «mchimbaji» ni mwanaume. Lakini pesa ya minervali inapita mikononi mwao, na merkire inawafikia wao na watoto kwanza. Konferansi juu ya madini bila wanawake ni shimo lenye mdomo mmoja: hewa haitoshi.

Hivi vyote havidai pesa nyingi. Sale ziko. Walimu wako. Radio ziko, na konferansi moja ikirekodiwa kwa Kiswahili inaweza kusikilizwa Djugu, Irumu, Mambasa na Mahagi, mtu akiwa shimoni na radio yake ndogo. Wapedeje wenye mashimo, wanaotoa pesa kwa timu za mpira, wanaweza kutoa kidogo kwa benchi na mafuta ya jenerete. Koperative zinaweza kuweka katika mkutano wao saa moja ya mgeni mwenye elimu. Kazi ya kwanza ni kuomba, na anayeomba awe ni sisi.

Kwa hiyo tunawapa kazi ndogo. Katika kila koperative, katika kila kundi la shimo, katika kila chama cha wamama, kaeni muandike maswali matatu ambayo mngependa mtu mwenye elimu awajibu mbele ya watu wote. Andikeni kwa Kiswahili, wazi, bila kuogopa. Mtoto wenu anayesoma iniversite hapa mjini ayapeleke kwa wakubwa wa shule yake, na aulize tarehe. Shule ikiona maswali yanatoka Mongbwalu na Kilo, haitakuwa tena na sababu ya kusema watu wa migodini hawapendi elimu. Na siku afishi itakapobandikwa, someni chini kabisa kama wameandika kwa lugha yenu. Kama hawakuandika, ingieni hata hivyo, mkae mbele, mnyanyue mkono.